SOMO LA ROBO HII: BIBI ALINDWE, KIJANA APATE KAZI
Fedha za serikali za kuzuia ukatili na kufundisha vijana kazi, na nafasi ya kamati ya parokia

Somo la Biblia la kusoma pamoja: Matendo ya Mitume 6:1-7
Muda: saa moja na nusu
Lengo: Mwisho wa somo, wanakamati waweze kueleza njia mbili za fedha za serikali zinazohusu ulinzi na ajira, na wapange jinsi ya kuziunganisha katika kijiji chao.



Katika somo la Biblia tulilochagua, Kanisa la mwanzo lilikuwa na manung'uniko. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuishia kuhubiri juu ya upendo. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi ya mgawo. Kumbe kulinda mjane kulihitaji sala, na pia kulihitaji mkutano, majina na utaratibu wa mgawo. Somo hili linafuata njia hiyo hiyo.

1. KISA CHA KUJADILI

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Si cha kijiji fulani.

Katika kijiji kimoja watoto wawili wamefariki ndani ya mwezi mmoja, na mvua imekatika mahindi yakiwa yanachanua. Mganga mgeni amefika, anasema atasafisha kijiji. Kila kaya inachangishwa. Baada ya siku tatu anataja nyumba ya bibi mmoja mjane anayeishi na wajukuu. Mganga mwenyewe hagusi kitu. Anawageukia vijana waliokaa kijiweni, wasio na shamba lao wala kazi, na kuwaambia waingie wabomoe. Wanaahidiwa pombe na sehemu ya michango.

Kabla ya kuendelea, kila mshiriki ajibu: Nani angeweza kuzuia jambo hili, na angeanza lini?

Wengi watasema polisi. Ni kweli, lakini polisi wanaitwa siku ya mwisho, na huenda kituo kiko mbali. Kisa hiki kilianza mapema zaidi: siku bibi alipobaki bila mtetezi, na siku kijana alipokosa kazi ya kumfanya akatae.

2. TULIKOTOKA

Jina la Sumbawanga huelezwa na wenyeji kuwa na maana ya "tupa uchawi". Hofu ya uchawi hapa kwetu ni ya zamani, na harakati za kuwasaka wachawi ni za zamani pia. Wazee wanakumbuka kamchape. Mtafiti Roy Willis, aliyefanya kazi Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika juu ya harakati hiyo na akaonyesha kwamba ndani yake ulikuwamo mvutano kati ya vijana na wazee. Hivyo tunapozungumzia ulinzi wa wazee, tunazungumzia pia vijana.

Katika miaka ya karibuni madhara yamewafikia hata watoto. Mwaka 2013 na mwaka 2015 mkoa wetu ulitajwa kwa mashambulio dhidi ya watu wenye ualbino, wakiwemo watoto. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Aidha, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo sasa ni Sura ya 18 ya sheria zetu, inamlinda anayesingiziwa: kumtangaza mtu kuwa ni mchawi ni kosa.

Lakini Ufipa ina urithi mwingine. Babu zetu walikuwa wafua chuma. Walijenga malungu, yaani tanuri ndefu za udongo, na mabaki yake bado yanaonekana katika maeneo mbalimbali ya uwanda wetu. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa wazee, na kijana aliyeutaka alipaswa kukaa chini ya mzee ajifunze. Mzee alikuwa shule. Tukirudisha uhusiano huo, tutakuwa tumejenga ulinzi ambao hauhitaji bunduki.

3. MIFUKO MIWILI YA SERIKALI

Fedha na taratibu za serikali zinazohusu somo hili zinapita njia mbili ambazo mara nyingi hazikutani.

Njia ya kwanza ni ya ulinzi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Desemba 2016 serikali ilizindua Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Awamu ya pili ilizinduliwa Mei 2024, ya kwenda hadi 2028/29. Mpango huu unataka iwepo kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, na viongozi wa dini wamo. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Simu namba 116, ya kutoa taarifa kuhusu mtoto aliye hatarini, hailipiwi.

Njia ya pili ni ya kazi na mitaji kwa vijana. Ndani yake kuna mambo matatu:

(a) Mikopo ya asilimia 10. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ilirudishwa kwa utaratibu mpya. Masharti ya umri na idadi ya wanakikundi yamebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo msitumie karatasi ya zamani. Mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

(b) Mafunzo ya ufundi. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na sehemu ya fedha zake hutokana na tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975. Kwa upande wetu tunacho cha Chala, wilayani Nkasi. Vyuo hivi vilibuniwa kwa ajili ya watu wa vijijini, hata waliokatiza masomo.

(c) Kurasimisha ujuzi. Hili wengi hawalijui. Fundi seremala, mwashi au fundi magari aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imegharamia upimaji wa namna hii pamoja na uanagenzi, yaani kijana kujifunza kazi mahali pa kazi.

Angalieni sasa. Kamati ya ulinzi ina wajibu, lakini mara nyingi haina fungu. Kikundi cha vijana kinapata fungu, lakini hakuna anayekiuliza kinachangia nini katika amani ya kijiji. Hapo katikati ndipo kamati ya parokia inapotakiwa kusimama.

4. JE, PESA PEKE YAKE INATOSHA?

Wapo wanaosema, "Wapeni vijana mtaji, ukatili utakwisha wenyewe." Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa hapa nchini. Mtafiti Edward Miguel alichunguza mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi katika wilaya ya Meatu, iliyokuwa mkoa wa Shinyanga wakati huo. Katika makala yake ya mwaka 2005 alionyesha kuwa katika mwaka wa ukame au mafuriko mauaji hayo yaliongezeka mara mbili, na waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee. Njaa ilipoingia, bibi alihesabiwa kuwa mzigo. Hivyo ni kweli kwamba umaskini unachochea ukatili.

Mfano wa pili tunaukumbuka sote. Kuanzia mwaka 2006 serikali ya awamu ya nne ilitenga shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa kwa mikopo ya uwezeshaji, watu wakaziita "mabilioni ya JK". Wapo walioanzisha biashara. Wapo pia waliozichukua kama zawadi, wala hawakurudisha. Pesa isiyo na malezi haikai.

Mfano wa tatu unatoka Liberia. Baada ya vita, vijana 999 wa mji wa Monrovia, wengi wao wakiishi kwa wizi na fujo, waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa dola 200 za Marekani, wengine mafunzo ya wiki 8 ya kujitawala na kubadili mwenendo, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Baada ya mwaka mmoja, nguvu ya pesa peke yake ilikuwa imekwisha. Waliopata mafunzo na pesa kwa pamoja ndio waliodumu katika mabadiliko. Walipofuatiliwa miaka 10 baadaye, wizi na ukatili wao ulikuwa umepungua kwa karibu nusu wakilinganishwa na wasiopata kitu.

Ndugu wanakamati, funzo ni hili: kijana anahitaji mtaji na mlezi kwa wakati mmoja. Serikali inaweza kutoa mtaji. Mlezi hatoki halmashauri. Anatoka katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa katekista, kwa fundi mzee, kwa mama wa kikundi cha kuweka na kukopa.

5. KALENDA YA FEDHA

Maombi mengi ya vijiji hukosa fedha kwa sababu yamechelewa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanyika mapema zaidi:

- Oktoba hadi Desemba: Kijiji kinaibua vipaumbele vyake kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na kuvipitisha katika mkutano mkuu wa kijiji. Vinapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata.
- Januari hadi Machi: Halmashauri inaandaa na kupitisha bajeti yake.
- Aprili hadi Juni: Bunge linajadili na kupitisha bajeti ya taifa.

Anayekwenda kuomba fungu la kamati ya ulinzi mwezi Mei anakuta sahani zimeshaoshwa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huo ndio mlango wetu.

6. HATUA TANO KWA KAMATI YA PAROKIA

Hatua ya 1. Orodhesheni, kitongoji kwa kitongoji, wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu tu, na familia zenye watoto wenye ualbino. Orodha hii ikae kwa watu wachache waaminifu. Isibandikwe ubaoni wala kusomwa kanisani, maana inaweza kutumiwa na mwenye nia mbaya.

Hatua ya 2. Ulizeni kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji: Kamati ya ulinzi ipo? Ilikutana lini mara ya mwisho? Kama ipo kwa jina tu, ombeni ihuishwe katika mkutano mkuu, na mtoe mjumbe atakayehudhuria.

Hatua ya 3. Peleka ombi dogo lenye hesabu. Badala ya kusema "tunaomba msaada wa kuzuia ukatili", semeni: nauli ya kufuatilia kesi mjini, karatasi, vikao vinne kwa mwaka. Ombi dogo linaloeleweka hupita.

Hatua ya 4. Saidieni vijana kusajili kikundi na kufungua akaunti, na kila kikundi kipewe mlezi mmoja mwenye ujuzi. Kikundi cha maseremala kianze kwa kutengeneza mlango imara wa nyumba ya bibi, kikundi cha ufyatuaji matofali kikarabati ukuta wake. Kijana aliyejenga mlango wa bibi hatakuwa mwepesi wa kuuvunja.

Hatua ya 5. Panapotokea msiba wa ghafla au ugonjwa usioeleweka, watu wawili wafike siku hiyo hiyo kwa wafiwa, na wengine wawili kwa yule anayeanza kunong'onwa. Wafiwa wasaidiwe kufika kituo cha afya kupata maelezo. Mganga msafishaji akionekana, taarifa ifike kwa mtendaji na polisi kabla michango haijaanza.

7. NENO KWA WAFADHILI

Tunawashukuru kwa cherehani, seti za useremala na ada za chuo mlizotuma. Tunaomba pia mfikirie vitu visivyopigwa picha kwa urahisi: posho ya mlezi kwa mwaka mzima, nauli ya shahidi wa kwenda mahakamani, ada ya kupimwa ujuzi kwa fundi wa mtaani. Hatuombi mchukue nafasi ya serikali. Mkilipia kile ambacho halmashauri imewajibika kulipia, mtaiondolea wajibu wake na fungu litapotea. Lipieni kile kinachowawezesha wananchi kudai na kusimamia fungu hilo.

8. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kisa chetu, ni siku gani ambapo msaada mdogo ungeweza kuzuia ubomoaji?
2. Katika kijiji chetu, nani ni bibi au babu ambaye watu wameanza kumkwepa? (Msimtaje jina kikaoni. Kila mmoja afikiri moyoni, kisha apange kumtembelea.)
3. Ni fundi gani mzee anaweza kupokea vijana wawili mwaka huu?
4. Kama mtuhumiwa ni mama yako, na kijana aliyeitwa kubomoa ni mwanao, ungependa parokia ifanye nini?

KAZI YA ROBO HII: Kila kamati ihudhurie mkutano mkuu mmoja wa kijiji na kuhakikisha jambo moja la ulinzi na jambo moja la kazi kwa vijana yameandikwa katika muhtasari. Nakala ya ukurasa huo ije nayo katika semina ijayo.

SALA YA KUFUNGA: Ee Mungu Baba, uliyewaona wajane waliosahauliwa Yerusalemu, utufungue macho tuwaone wa kwetu. Wape vijana wetu kazi ya mikono na moyo wa kukataa uovu. Utujalie kuhudhuria, kuandika na kufuatilia, hata pale tunapochoka. Amina.