KUFUNGA MSIMU WA UVUVI

Wengi wetu twala ndagala mara kwa mara, lakini si wote wajuao kwa nini majuma mengine bei yao hupanda ghafula katika masoko ya Bujumbura. Sababu moja ni mwezi.

Ndagala, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za umeme. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, ndagala huvifuata vijidudu, na mukeke huwafuata ndagala. Ndipo wavu uliotegwa chini huinuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina nuru, na taa ya mvuvi haina nguvu. Basi mvuvi hufunga kazi kwa siku kadha: nyavu huoshwa, huanikwa na kushonwa, nyufa za mitumbwi huzibwa, na mwenye chombo hufanya hesabu na watu wake.

Je, mapumziko hayo yatosha? Hayatoshi. Nyavu zimekuwa nyingi, na zile za matundu madogo huchukua samaki ambao hawajazaa. Tena Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 hivi, na rutuba yake nyingi imelala chini. Pepo za kiangazi huchanganya maji na kuipandisha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamezidi joto, hata hayachanganyiki kama zamani. Rutuba ikipungua juu, chakula cha samaki hupungua.

Mwaka huo huo wa 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili. Katika mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaane na kukua.

Hapa ndipo penye shida. Mwenye mitumbwi aweza kungoja miezi mitatu. Kibarua anayelipwa kwa samaki waliopatikana hawezi, wala mama anayeanika ndagala mchangani. Sheria inayofunga ziwa bila kufikiri habari za chungu jikoni itavunjwa usiku. Kwa hiyo yafaa wavuvi waweke fedha kidogo kidogo katika chama chao wakati wa samaki wengi, na serikali iwaongezee wakati wa kufungwa. Nanyi kaka zetu mliotangulia kumaliza shule, mnaojua hesabu na kuandika vitabu vya fedha, wasaidieni kuanzisha vyama hivyo.

Wahenga walisema: akiba haiozi. Samaki aliye kikapuni huoza kesho. Aliyeachwa ziwani azae ndiye akiba.

Maswali
1. Kwa nini taa haifai wakati wa mwezi mpevu?
2. Pepo za kiangazi zina faida gani kwa samaki?
3. Nani huumia zaidi ziwa likifungwa, naye asaidiwe namna gani?