Uvimbe Adimu wa Seli za Plazima: Wajibu wa Wahudumu wa Afya Kilosa na Mikumi

Uvimbe wa seli za plazima unaoota nje ya uboho ni nadra mno. Tabibu wa wilayani anaweza kustaafu bila kukutana nao. Hatarajiwi kuutambua kwa macho. Anachodaiwa ni kutomrudisha mgonjwa nyumbani mara ya tatu na dawa zilezile za mafua.

Takriban visa vinane kati ya kumi huanzia kichwani na shingoni, hasa puani na kooni. Wengi wa wagonjwa ni wanaume wenye umri wa miaka 50 hadi 60. Dalili zake hufanana na za nyama za pua, na hapo ndipo miezi hupotea. Pua iliyoziba upande mmoja na kutoa damu mara kwa mara ni ya kupewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Uvimbe huu una mishipa mingi ya damu. Kuukata katika zahanati isiyo na uwezo wa kuzuia damu ni uzembe, hata nia ikiwa njema.

Kinyama kilichokatwa, iwe Hospitali ya Mtakatifu Kizito Mikumi, ya Wilaya Kilosa au ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, hutiwa mara moja katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe. Jina na namba ya mgonjwa huandikwa ubavuni mwa chombo, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Kukitupa kwa sababu kinaonekana cha kawaida ni kumnyima mgonjwa haki ya kujua ugonjwa wake.

Majibu ya maabara yakithibitisha kuwa ni uvimbe huu, uboho, mifupa, damu na mkojo hupimwa ili kuhakikisha si mayeloma, yaani saratani ya seli za plazima iliyoenea katika uboho. Uvimbe ukiwa wa pekee, tiba kuu ni mionzi, kama inavyotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi tano. Mkulima wa Kidodi aelezwe hayo kabla ya safari, pamoja na suala la malazi, la sivyo ataiacha tiba njiani.

Baadhi ya waliotibiwa hupata mayeloma miaka kadhaa baadaye, hivyo jalada halifungwi. Mgonjwa akirudi na maumivu ya mgongo, apimwe damu na figo kwanza. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huandikwa kwa wepesi mno, inaweza kuziharibu figo za mgonjwa wa mayeloma.