King'amuzi cha Moto kwenye Ndege ya Kujiundia: Dakika Tano kati ya Masasi na Newala

Ukitaja king'amuzi hosteli, kila mtu anafikiria kile cha televisheni, kinachogoma kifurushi kikiisha. Cha leo ni kingine kabisa. Ni kifaa kidogo kinachokaa karibu na injini ya ndege na kumwambia rubani kwamba mbele yake, nyuma ya bati asikoweza kuona, kuna moto.

Ndege za kujiundia si habari ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 2016 Abdi Mjema, fundi wa Chuo cha Ufundi Arusha, alijulikana kwa kuunda helikopta. Kwa majirani zetu wa Kenya, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijenga ndege huko Nyeri akitumia injini ya gari. Habari kama hizi zikifika mtaani, swali huwa ni moja: "Itaruka?" Wanachuo wenzangu, hasa mnaosaka mradi wa mwaka wa mwisho, hebu tuulize swali la pili: ikiruka halafu ikawaka moto, rubani atajuaje, na akishajua atafanya nini?

1. Tuanze na ramani

Chukueni safari ya kufikirika kutoka Masasi kwenda Newala. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 57. Ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 150 kwa saa itatumia dakika 23 hivi. Sasa tuseme iko katikati ya safari, mita 900 juu ya ardhi, na rubani analazimika kuzima injini. Ndege nyingi ndogo huteleza angani kama mita 9 kwenda mbele kwa kila mita 1 zinayoshuka. Piga hesabu: mita 900 mara 9 ni kilomita 8 na kidogo. Lakini Masasi iko kilomita 28 nyuma, na Newala iko kilomita 28 mbele. Hakuna atakakofika.

Muda je? Ikishuka mita 3 kila sekunde, ana sekunde 300, yaani dakika 5. Tena Newala iko juu ya uwanda, kwa hiyo kadiri anavyoisogelea ardhi inampandia na dakika zinapungua. Chini ni mikorosho, vichaka na nyumba za watu, na hapa na pale shamba la mihogo lililo wazi.

Hapo ndipo kazi ya king'amuzi inapoonekana. Hakizimi moto, wala hakimfikishi mtu nyumbani. Kinampa dakika za kuchagua lile shamba la mihogo wakati bado ana mita za kuchezea.

Kuna mtu atauliza: si atanusa moshi? Aliyekulia Masasi anajua jibu. Kiangazi, wakulima wanaposafisha mashamba kwa moto, hewa nzima inanuka moshi. Msimu huo pua haiaminiki.

2. Moto wa injini unatoka wapi

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa. Chumba cha injini kina vyote. Kuna petroli na oili, kuna ekzosi ya moto, na upepo unaingia kwa nguvu kupoza injini.

Injini ya gari ya siku hizi inaongeza jambo moja. Pampu yake ya umeme husukuma petroli kwa shinikizo la karibu bar 3, kuliko hata upepo wa tairi la gari dogo. Bomba likipata ufa, petroli haidondoki matone, inarushwa kama ukungu. Na kama hakuna swichi ya kuizima, pampu inaweza kuendelea kulisha moto hata injini ikiwa imesimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni bati jembamba.

Bati hilo, linalotenganisha injini na miguu ya rubani, huitwa ukuta wa moto. Viwango vya Marekani vinakubali chuma kisichoshika kutu cha unene wa karibu milimita 0.4. Kifaa kinachodai kuhimili moto kinajaribiwa kwa ndimi za karibu nyuzi 1,100 za sentigredi kwa dakika 15. Alumini, ambayo ndiyo mwili wa ndege nyingi, inayeyuka kwa nyuzi 660. Kwa hiyo fundi aliyeweka ukuta wa alumini kwa sababu ni nyepesi ameweka ukuta wa jina tu.

3. King'amuzi cha aina gani?

Kile cha moshi cha kubandika darini kiacheni nyumbani. Vingi vimetengenezwa kwa joto la chumba, lisilozidi nyuzi 40 hivi. Kwenye injini vumbi na mvuke wa oili vitakifanya kilie bila sababu, au upepo utaupeperusha moshi kabla hakijauona.

Kwenye injini tunatafuta joto. Njia rahisi ni swichi ya joto: ndani yake kuna vipande viwili vya metali tofauti vilivyogandanishwa. Vikipata joto kimoja kinatanuka kuliko mwenzake, vinapinda, na umeme unaunganika. Njia ya pili ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Ncha ikipata joto inazalisha umeme mdogo unaopimika. Hiyo inaweza kuonyesha jinsi joto linavyopanda, si kuwasha taa tu. Ndege kubwa hutumia kitambuzi kirefu kama waya kinachozungushwa kwenye injini nzima, kwa sababu swichi moja inajua tu joto la pale ilipo.

Iweke wapi basi? Fuata njia ya hewa. Moto husukumwa na upepo kuelekea tundu la kutokea, kwa hiyo swichi moja ikae karibu na tundu hilo, na nyingine karibu na pampu au kabureta.

4. Pima kwanza, ndipo ununue

Hapa ndipo miradi mingi inaweza kuharibika. Mtu ananunua swichi ya nyuzi 100 kwa sababu namba inapendeza. Adhuhuri ya Oktoba taa inawaka, rubani anatua mbio mbio, anafungua, hakuna kitu. Mara ya tatu anaizoea. Siku ya moto wenyewe ataitazama na kusema, "Hiyo taa ndivyo ilivyo." King'amuzi kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Kwa hiyo weka kipimajoto pale swichi itakapokaa, upime katika hali mbaya kuliko zote: jua kali, ndege imesimama chini injini ikiunguruma, halafu ikipanda kwa mwendo mdogo. Usisahau dakika kumi baada ya kuzima. Upepo ukikoma, joto la chuma linabaki humo ndani na kupanda tena. Tuseme namba kubwa uliyopata ni 120. Chagua swichi iliyo juu yake kwa nafasi ya kutosha, kwa mfano 170. Moto halisi utaipita namba hiyo haraka. Joto la Masasi halitaifikia.

5. Waya na kitufe

Tumia waya wenye ganda linalohimili joto, maana wa nyumbani unayeyuka kabla swichi haijasema lolote. Unapopita kwenye ukuta wa moto, tundu lizibwe kwa chuma na dawa ya kuhimili moto, si kwa mpira. Weka fyuzi. Weka taa nyekundu mbele ya macho ya rubani, na kitufe cha kujaribu kinachopitisha umeme kwenye mzunguko wote mpaka injini na kurudi, kisiwe kinajaribu balbu peke yake.

6. Taa ikiwaka

Tarehe 19 Agosti 1980, ndege ya Saudia namba 163 ilipaa kutoka Riyadh kwenda Jeddah. Dakika chache baadaye king'amuzi cha moshi kilitoa onyo kuhusu sehemu ya mizigo. Marubani walitumia kama dakika nne kuhakikisha kama ni kweli. Walirudi na kutua, lakini uokoaji ulichelewa na watu wote 301 walikufa. King'amuzi kilifanya kazi yake.

Kwa hiyo uamuzi upangwe chini, uandikwe, ubandikwe. Kila ndege ina utaratibu wake, ila msingi ni huu: funga mafuta, zima pampu, funga tundu la hewa moto inayoingia kwa rubani, chagua uwanja, teleza, usijaribu kuiwasha tena. Na ukizima umeme wote, taa nayo itazimika. Hiyo haina maana kwamba moto umezimika.

Mwisho, ndege haipaa bila idhini ya TCAA. Wakaguzi wakija, vipimo vyako vya joto na karatasi hiyo ya dharura viwe tayari mezani.

Zoezi

Ndege yako iko mita 600 juu ya ardhi, kilomita 6 kutoka uwanjani. Inateleza mita 8 kwa kila mita 1, na inashuka mita 3 kwa sekunde. Taa imewaka. Je, unafika? Sasa ondoa sekunde 60 ulizotumia kujiuliza kama taa inasema kweli, wakati injini imesimama na ndege inashuka papo hapo bila kusogea uwanjani. Piga hesabu upya, halafu uandike karatasi yako ya dharura.