Fuvu Katika Kasha la Dhahabu

SOMO LA KWARESIMA
Soma kwanza: Mhubiri 2:1-11, Mathayo 6:16-21, Yohana 12:24.



Kwaresima huanza kwa kukumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Katika somo hili tutazame jinsi watu wengine walivyojikumbusha neno hilo hilo, kwa kalamu na kwa rangi. Tutaona faida ya ukumbusho huo, na hatari yake pia.

Tuanzie hapa nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko mwaka 1999, alitafsiri tamthilia moja ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo yumo binti tajiri, Portia. Baba yake alipofariki aliacha wosia kwamba atakayemwoa binti huyo ni yule atakayechagua kasha lililo sawa kati ya makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Mwana wa mfalme wa Moroko alichagua la dhahabu, kwa sababu lilimwahidi kitu kinachotamaniwa na wengi. Alipolifungua alikuta fuvu la kichwa. Picha ya binti ilikuwamo katika kasha la risasi, lile lililomtaka mchaguaji atoe yote aliyo nayo.

Sisi tulio jirani na machimbo ya Buhemba hatuhitaji kuelezwa sana jinsi dhahabu na kaburi vinavyoweza kukaa pamoja.

Shakespeare aliandika tamthilia hiyo katika miaka ya 1590. Muda si mrefu baadaye, wachoraji wa Uholanzi walikuwa wakilichora fuvu juu ya meza. Nchi yao ilikuwa inatajirika. Mwaka 1602 wafanyabiashara wake waliungana katika kampuni kubwa ya biashara ya Mashariki, na merikebu zao zikaleta viungo, hariri na vyombo vya kaure. Makanisa yao ya Kiprotestanti yalikuwa yameondoa picha mahali pa ibada, lakini watu walinunua picha za kutundika majumbani. Aina moja ya picha hizo iliitwa vanitas, neno la Kilatini lenye maana ya ubatili, kama tulisomavyo katika Mhubiri. Pieter Claesz alichora mojawapo mwaka 1630, na Harmen Steenwyck nyingine yapata mwaka 1640. Mara nyingi hamna mtu katika picha hizo, ila vitu mezani, na kila kitu kina fundisho lake:

1. Fuvu. Huo ndio mwisho wa mwili wa kila mtu. Ukilitazama huwezi kujua kama mwenyewe alikuwa tajiri au maskini.

2. Saa, na taa iliyozimika. Siku zetu zina hesabu. Sisi wa kando ya ziwa tunaona usiku taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta kama mji mkubwa. Kukipambazuka, mji ule haupo tena.

3. Glasi iliyolala ubavu. Kinywaji kimekwisha na wanywaji wameondoka.

4. Kombe la baharini na upanga wa Kijapani. Makombe kutoka nchi za mbali yalikuwa mali ya fahari kwa matajiri. Upanga ni nguvu, lakini haukati mauti.

5. Vitabu na filimbi. Hata elimu na starehe hazimwokoi mtu. Hapo mimi mwalimu naguswa.

Basi, hatari iko wapi? Picha hizo zilinunuliwa kwa fedha na kutundikwa katika vyumba vizuri. Mgeni aliweza kusimama mbele yake akasifu jinsi glasi ilivyochorwa, asione kwamba anaambiwa habari zake mwenyewe. Onyo juu ya mali likawa mali nyingine ukutani.

Tusiwacheke Waholanzi. Mwaka niliostaafu nilijengea kaburi la marehemu baba yangu kwa vigae na jiwe la marumaru. Watu walikuja kulitazama, wakanisifu, nami nilifurahi. Mwezi ule ule shangazi yangu, dada yake baba, aliniomba nauli ya kwenda hospitali pamoja na fedha ya dawa. Nilimwambia fedha imekwisha. Sikusema uongo, ilikuwa imekwisha kaburini. Alikwenda kwa mchango wa majirani, akapona, wala hakunilaumu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewauliza wanachuo wangu ni nani alichagua kasha lipi. Sikuwahi kujiuliza mimi ninafungua lipi.

Kumheshimu marehemu si kosa. Lakini ukumbusho wa kifo usipotufungua mkono kwa aliye hai, umekuwa pambo tu. Bwana Yesu alisema hivyo juu ya kufunga kwa kuonekana na watu: mwenye kufanya hivyo amekwisha kupata thawabu yake.

Tena Mkristo haishii kwenye fuvu. Katika baadhi ya picha za aina hii fuvu limezungushiwa masuke ya ngano. Mkulima hahitaji mwalimu wa kumfafanulia jambo hilo. Mbegu ya mtama tunayoifukia tukiilinda kwa mkono uliofumba haiwezi kuota. Ni lazima iachiliwe. Hilo ndilo kasha la risasi: kutoa yote, kwa tumaini la ufufuo.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika mazishi yetu, ni gharama zipi ni heshima, na zipi ni fahari?
2. Ungechora vitu gani vya nyumbani mwako kuonyesha ubatili?
3. Ni nani aliye hai anayesubiri mkono wako Kwaresima hii?

Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Amina.