Kufundisha Somo la Vitu vya Kuzibia Meno

Katika shule za msingi somo la meno aghalabu huishia kwenye mswaki. Wanafunzi huchora jino, hutaja kazi ya chonge na magego, kisha daftari hufungwa. Mtoto mwenye jino lililotoboka hutoka darasani bila kuambiwa jambo linalomhusu zaidi: kwamba jino la namna hiyo, likiwahiwa, laweza kuzibwa na likaendelea kutafuna kwa miaka mingi. Ajualo yeye ni koleo tu. Kwa sababu hiyo twaona yafaa mwalimu atenge vipindi viwili, katika darasa la tano au la sita, kwa ajili ya vitu vinavyotumika kuzibia meno.

Asianze kwa orodha ya majina. Amalgamu na kompositi ni maneno matupu kwa mtoto asiyejua kwa nini kimoja kilitafutwa baada ya kingine. Aanze kwa kuuliza kinywa kinadai nini. Kinywani mna maji wakati wote. Chai ya moto hufuatwa na maji ya mtungini. Magego husaga mahindi ya kuchoma. Na vijidudu vinavyokula mabaki ya sukari hutengeneza asidi. Gamba la nje la jino, liitwalo enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Hata hivyo asidi hiyo hulitoboa. Kitu cha kuzibia hakina budi kuyastahimili hayo yote.

Kwa zana, vifuniko vinne vya chupa za soda vyatosha. Cha kwanza kijazwe udongo wa mfinyanzi, cha pili nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, cha tatu unga wa ngano uliokandwa kwa maji, na cha nne saruji ya mwashi. Nta na saruji azishike mwalimu mwenyewe, kwa maana nta huunguza na saruji mbichi huchubua ngozi. Baada ya siku tatu wanafunzi wavichunguze. Wataona kuwa udongo umenywea na kuacha ufa pembeni. Hapo mwalimu aulize: katika jino, ni nini kitakachopenya kwenye ufa huo? Swali hili ndilo kiini cha kipindi, wala lisiharakishwe. Kisha vifuniko vitiwe katika maji. Udongo na unga vitalegea. Nta haidhuriwi na maji ya baridi, lakini katika maji ya moto hulainika. Saruji hubaki imara, kwani haigandi kwa kukauka bali kwa kuungana na maji.

Kabla ya kuendelea, mwalimu atamke wazi kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachotiwa kinywani. Tundu la jino husafishwa kwanza na mganga. Kulifunika tu ni kuufungia uozo ndani. Mtoto mwenye maumivu na mwenye mshumaa nyumbani atajaribu asipokatazwa.

Sasa majina yaweza kuingia. Amalgamu ni zebaki iliyochanganywa na unga wa madini ya fedha, bati na shaba. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Hushindiliwa ikiwa laini, kisha hugeuka ngumu. Ni imara sana, lakini haigandamani na jino. Kwa hiyo tundu lake lilichongwa kama mtungi, tumbo pana na mdomo mwembamba, ili isichomoke. Na katika kuchonga hivyo sehemu nzima ya jino ilikatwa pia. Zebaki nayo ni sumu kwa mazingira. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka matumizi ya amalgamu yapunguzwe, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, isipokuwa pale mganga aonapo ni lazima. Mwalimu asilete zebaki darasani kamwe, hata ile ya kipimajoto kilichovunjika.

Kompositi ni plastiki iliyochanganywa na chembe za kioo, yenye rangi ya jino. Hupendeza, lakini hutaka jino kavu na taa maalumu ya kuigandisha.

Cha tatu chatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent walieleza huko Uingereza saruji mpya: unga wa kioo unaokorogwa na asidi. Saruji hiyo ya kioo hushikana na jino lenyewe, na hutoa floridi kidogo kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, ilianza njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na njia hiyo baadaye ikaenea duniani pamoja na saruji ya kioo. Jino hukatwa kidogo mno, na mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hii katika orodha yake ya dawa muhimu. Udhaifu wake ni kwamba katika matundu makubwa ya magego huvunjika mapema.

Wanafunzi wa pwani huenda wakauliza juu ya mwani, wakiwa wamesikia kuwa chapa ya meno huchukuliwa kwa unga wa mwani. Ni kweli, lakini ni mwani wa kahawia, si ule mwekundu unaolimwa Unguja na Pemba.

Kwa kupima, kila mwanafunzi achore meno mawili yaliyopasuliwa katikati, moja limetayarishwa kwa amalgamu na jingine kwa saruji ya kioo, aeleze kwa nini matundu hayafanani, na aoneshe kwa mshale mahali ambapo uozo waweza kuanza tena.