Ufahamu na Ufupisho: Jibu Kutoka Katika Kifungu

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika swali la ufahamu kwa sababu hujibu kwa yale wanayoyajua tayari, badala ya yale yaliyomo katika kifungu. Habari ifuatayo inahusu Mto Ruaha Mkuu. Kama unaishi Mbeya au Iringa, mto huu umeusikia mara nyingi, hivyo hatari ya kujibu kwa mazoea ni kubwa zaidi kwako. Soma kifungu mara mbili: mara ya kwanza upate mtiririko wa habari, mara ya pili ukiwa umeshayasoma maswali.

Soma kwa makini kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Katika likizo fupi ya Septemba, mjomba wetu, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya kitalii ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, alitualika kwa wiki moja. Tuliondoka Ubaruku, wilayani Mbarali, alfajiri: baba, mama, mdogo wangu na mimi. Tulipita Makambako na Mafinga hadi Iringa, kisha tukashika barabara ya vumbi. Njia nzima baba alituahidi jambo moja: "Mtauona mto wetu ulivyo mpana, na viboko wakiogelea."

Hoteli ilikuwa kama mjomba alivyosimulia: vyandarua vyeupe, chakula cha kujipakulia na kivuli cha mibuyu. Lakini nchi yote ilikuwa kavu kama jangwa. Baba akauliza mto uko wapi. Mjomba akaonyesha uwanja mpana wa mchanga chini ya ukingo. "Ndio huo, shemeji," alisema.

Siku zilizofuata tuliona mengi. Tembo walichimba mchanga kwa miguu na mikonga, wakasubiri maji yajikusanye, wakanywa. Walipoondoka, nyani na swala walikuja kunywa katika visima vilevile. Katika dimbwi moja la tope, viboko walibanana mgongo kwa mgongo. Mdogo wangu aliuliza kwa nini hawahami. Mjomba alijibu kwamba hawana pa kwenda. Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka hapo hifadhini wakati wa kiangazi.

Usiku wa tano, tukiwa mezani, mjomba alisema, "Shemeji, maji haya yanaishia kwenu Usangu. Yangefika hapa, yangeendelea hadi Mtera na Kidatu yakazalisha umeme." Baba aliweka kijiko chini. "Mpunga ndio unaowasomesha hawa," alijibu. "Na huo wali unaowapikia wageni unatoka wapi?" Mjomba alicheka. Mama hakucheka. "Sisi tulivuna mwezi wa sita," alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka leo mfereji wetu uko wazi. Yale maji yanamwagilia nini sasa?" Hakuna aliyemjibu.

Asubuhi ya mwisho baba alishuka peke yake hadi mchangani, akasimama pale kwa muda mrefu. Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akafunga mlango wa mfereji wetu. Jumamosi ile, katika mkutano wa watumia maji, alinyoosha mkono kabla ya wengine wote.

Maswali

(a) Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
(b) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (i) ukingo (ii) dimbwi (iii) walibanana (iv) kiangazi.
(c) Nyani na swala walinufaika vipi na tembo?
(d) Je, mama anataka kilimo cha mpunga kikomeshwe? Thibitisha jibu lako.
(e) Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba baba alibadilika.
(f) Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 30.

Mwongozo wa majibu

(a) "Mto Usio na Maji" au kichwa kingine kinachobeba wazo kuu. "Likizo Yetu Hifadhini" ni kichwa dhaifu, kwani kinataja safari na kuacha tatizo lenyewe.

(b) (i) Ardhi iliyoinuka kando ya mto. (ii) Shimo lenye maji yaliyotuama. (iii) Walisongamana. (iv) Majira ya jua yasiyo na mvua.

(c) Walikunywa maji katika visima vilivyochimbwa na tembo.

(d) Hapa ndipo wengi hukosea. Mtahiniwa mwenye haraka ameshasikia kuwa kilimo kinakausha mto, hivyo huandika "Ndiyo". Rudi kwenye aya ya nne. Mama anauliza kuhusu maji yanayoendelea kuchepushwa baada ya mavuno, wakati shamba halina mmea. Kwa hiyo jibu ni hapana. Anachopinga ni upotevu wa maji, na kilimo chenyewe hakikatai.

(e) Alifunga mlango wa mfereji, na aliwahi kunyoosha mkono mkutanoni. Usiandike alichokisema mkutanoni, maana kifungu hakikusema.

(f) "Tangu 1993 Ruaha Mkuu hukauka hifadhini wakati wa kiangazi. Tembo huchimba mchanga kupata maji, wanyama wengine hunywa hapo, na viboko hubanana katika dimbwi wakikosa pa kwenda." Hesabu maneno yako kabla ya kuendelea na swali jingine, ukizidisha idadi unapoteza alama.

Zoezi la ziada

Chukua nafasi ya baba. Andika hotuba fupi utakayoitoa katika mkutano wa watumia maji, ukiwashawishi wakulima wenzako wafunge mifereji baada ya mavuno. Kumbuka kwamba wanaokusikiliza nao wana watoto wa kusomesha.