Jua Haki Zako: Kesi Yako Ni ya Mahakama ya Mwanzo?

Tuseme wewe ni fundi seremala. Umemtengenezea mtu kitanda na kabati kwa shilingi 2,400,000. Kalipa nusu, na nusu iliyobaki imekuwa "njoo kesho" kwa miezi saba. Jirani anakwambia: "Mpeleke polisi, ataitema." Usikimbilie huko. Deni la namna hii ni shauri la madai, si jinai, na polisi si wakusanya madeni. Mlango wako ni Mahakama ya Mwanzo.

Hii ndiyo ngazi ya chini kabisa ya mahakama Tanzania, na shughuli zake zote huendeshwa kwa Kiswahili. Huhitaji wakili ili usikilizwe. Katika shauri la madai, hakimu anaweza hata kumruhusu ndugu yako akusemee. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, mawakili wanaruhusiwa pale tu shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi.

Je, inapokea kesi zipi?

Madeni. Fedha au mali inayohamishika isiyozidi shilingi 30,000,000. Beba kila chenye ushahidi: makubaliano, risiti, ujumbe wa simu, miamala ya kutuma pesa. Kama mlipatana kwa mdomo, tafuta aliyesikia.

Ndoa. Talaka, mgawanyo wa mali, matunzo ya watoto. Hapa ndipo wengi hugeuziwa njiani: kwa kawaida ombi la talaka halipokelewi mpaka mpitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo likupe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Mirathi. Inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi yake katika eneo la mahakama hiyo. Nenda na cheti cha kifo. Muhtasari wa kikao cha ukoo nao huulizwa mara nyingi. Mahakama ikishamteua msimamizi, mkumbusheni kwamba yeye ni mtumishi wa warithi, hakurithishwa mali yote. Ndani ya miezi minne anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Akinyamaza, mrithi yeyote ana haki ya kurudi kwa hakimu kulalamika.

Jinai ndogondogo. Wizi mdogo, matusi, shambulio la kawaida. Kwa kawaida kifungo chake hakizidi miezi 12.

Usipeleke huko ugomvi wa nani mwenye kiwanja. Huo huanzia kwenye usuluhishi wa Baraza la Ardhi la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukishinda kesi ya ardhi mbele ya mahakama isiyo na mamlaka, ushindi huo ni wa karatasi tu; mwenzako atakata rufaa na mtarudi mwanzo.

Na wewe ukishindwa? Rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Omba nakala ya hukumu mapema, maana siku hazikungoji.

Basi, fundi, kabla hujalipa ada, muulize karani swali moja: "Shauri hili ni la hapa?" Kuuliza ni bure, mlango usio wako utakugharimu miezi.